Niandikie Kwamba Mimi ni Fundi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Neno la Kiingereza Linalomfaa Mtu Mwenye Ujuzi

Kazi inayojaza benchi la steshenari yangu hapa Chikongola, mjini Mtwara, si kutoa fotokopi bali ni kuandika barua za maombi na wasifu kwa Kiingereza. Huja fundi wa kuchomelea anayetaka kazi kiwandani, huja kijana aliyemaliza chuo cha ufundi na kusikia kwamba kwenye mitambo ya gesi ya Madimba wanahitaji watu, huja mama wa kikundi cha kubangua korosho ambaye mnunuzi amemtaka akieleze kikundi chake, huja mchongaji wa vinyago aliyepata mteja wa ng'ambo. Karibu wote hufungua kwa sentensi moja: "Niandikie kwamba mimi ni fundi."

Kwa Kiswahili sentensi hiyo imejitosheleza. Neno fundi hubeba mafunzo, mazoea, heshima ya mtaani na hata karama, wala msikilizaji hamuulizi msemaji amekusudia kipi kati ya hivyo. Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Kimeugawa ujuzi kufuatana na mahali ulikotoka, kikaupa kila chanzo neno lake, na mwandishi anayelichukua neno lolote lililo karibu hujikuta amemsifia mtu kwa jambo ambalo hakulikusudia, au amempunguzia sifa aliyostahili.

Niliyajua hayo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mchongaji alinitaka nimwandikie mnunuzi wa nje aliyetaka kumfahamu kabla ya kuagiza mzigo. Nilijua kwamba "craft" ni kazi ya mikono, nikakisia kwamba "crafty" atakuwa ni mtu mwenye mikono mizuri, nikaandika bila wasiwasi kuwa mzee ni "a very crafty man". Mnunuzi alijibu kwa adabu kubwa akiuliza kama kuna jambo la kujihadhari nalo. "Crafty" ni mwenye hila. Neno "craft" katika Kiingereza cha kale lilimaanisha nguvu na uwezo, likaingia kwenye ustadi wa mikono, kisha tawi lake moja likapotelea kwenye werevu wa kupindisha mambo. "Cunning", ambalo asili yake ni kujua, na "artful", lililotokana na sanaa, yalipita njia hiyohiyo. Kwetu mjanja anaweza kuwa anasifiwa au anasemwa, kutegemea sauti ya msemaji. Kwa Kiingereza maneno hayo matatu yameelemea upande mbaya, na kwenye barua hakuna sauti ya kuyaokoa. Kilichotakiwa ni "a skilled craftsman", na kwa mwanamke "a skilled craftswoman".

Tangu siku hiyo hufuata mpangilio ufuatao kabla sijagusa kibodi.

Hatua ya kwanza: uliza ujuzi umetoka wapi

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na anayeiruka hatasaidiwa sana na zinazofuata. Muulize mwenye barua, au jiulize mwenyewe kama barua ni yako: uwezo huu nilizaliwa nao, nilifundishwa, nina karatasi yake, umekuja kwa miaka, au unaonekana tu pale ninapofanya kazi? Mara nyingi jibu ni zaidi ya moja, na hapo huhitajika neno zaidi ya moja.

Kwa uwezo wa kuzaliwa nao, maneno ni "talented" na "gifted". La kwanza lina undugu na neno ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu, kwa sababu talanta ilikuwa kipimo cha uzito na fedha, na ni mfano wa watumwa waliopewa talanta katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo uliolifanya neno hilo liwe na maana ya kipaji katika Kiingereza. "Gifted" ni kali zaidi, na hutumika sana kwa watoto wenye akili ya kipekee na kwa watu wa muziki na sanaa. Maneno yote mawili hayasemi lolote kuhusu mafunzo, na ndiyo maana siyapendi kwenye barua ya kazi ya ufundi. Mwajiri anayetafuta mtu wa kuchomelea mabomba hatatulizwa na habari ya "a talented welder", kwa kuwa anachotaka kujua ni nani aliyekufundisha na ni nani aliyekupima. Yaache maneno hayo kwa mchoraji, mwimbaji, mchezaji wa mpira na mtoto wa shule.

Kwa uwezo wa kufundishwa, neno ni "skilled", na hapa lazima litenganishwe na pacha wake "skilful", kwa maana hata watu waliosoma huyachanganya. Tazama mama anayebangua korosho kwa mkono uani kwake. Korosho zimekwisha kuchomwa juu ya kipande cha bati hadi mafuta ya ganda yakawaka, zikamwagiwa mchanga, zikapoa. Mama anajipaka majivu vidoleni ili mafuta yale yasimbabue, anaisimamisha korosho kwa ubavu juu ya jiwe, anaigonga mara moja kwa kijiti kizito, anaigeuza, anaigonga tena, na kiini kinaanguka kikiwa kizima bila kumeguka ncha. Mwenye papara hugonga kwa nguvu na kupata vipande, na vipande haviuzwi kwa bei ya korosho nzima. Ukitaka kusifia pigo lile ulilolitazama, na jinsi lilivyopimwa, neno ni "skilful", kwa sababu "skilful" husifia namna tendo linavyotendwa. Ukitaka kusema kwamba mama huyo ni mtu wa kazi hiyo, aliyejifunza na kuimudu, neno ni "skilled". Ndiyo maana Waingereza husema "skilled labour" na "skilled worker" wanapozungumzia kundi la wafanyakazi, na hawasemi "skilful labour". Tahajia nayo ina mtego wake: Uingereza huandika "skilful" kwa l moja katikati na moja mwishoni, Marekani huandika "skillful". Zote ni sahihi, ila usizichanganye katika barua moja.

Vidole vya mama yule vina maneno yao wenyewe. "Deft" ni wepesi wenye usahihi, ule wa mtu anayefanya jambo dogo bila kupapasa. "Dexterous" ni stadi wa mikono, na limetokana na neno la Kilatini la upande wa kulia, kwa kuwa mkono huo ulihesabiwa kuwa ndio mkono wenyewe, kama sisi tulivyoupa jina kwa kazi ya kula. Fundi wa mkono wa kushoto asichukie, naye anaweza kuitwa "dexterous". Maneno haya mawili yanapendeza katika maelezo ya bidhaa au habari ya kikundi, lakini kwenye wasifu yanaonekana kama mapambo.

Kwa ujuzi wenye karatasi, maneno ni "qualified", "certified" na "licensed". "Qualified" ni mwenye sifa zinazotakiwa rasmi: amesoma, amefanya mtihani, amefaulu. "Certified" huonyesha kwamba chombo fulani kimempa cheti cha jambo mahususi, na "licensed" kwamba anayo leseni au ruhusa ya kisheria, kama dereva. Usimwite mtu "qualified electrician" kwa sababu tu nyumba nzima ya mtaa inawaka taa kwa kazi yake, kwani msomaji atadai cheti, na kisipopatikana barua nzima itatiliwa shaka. Kwa aliyejifunza kwa kutazama na kufanya, lipo neno lisilo na aibu yoyote, nalo ni "self-taught", na kwa aliyekaa chini ya fundi mwingine andika "trained under an experienced carpenter" au mfano wake. Wapo wanaodhani ujuzi wa gereji hauwezi kamwe kupata karatasi. Si kweli, kwa sababu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kazini na kupewa cheti, na aliyekipata ana haki ya kuandika "certified" bila kusita.

Kwa ujuzi wa miaka, neno la kila siku ni "experienced". Likiwa dogo, lipo "seasoned", ambalo mafundi seremala hulipenda nikiwaeleza, kwa kuwa ndilo neno la mbao zilizokaushwa ili zisipinde kirahisi. Lipo pia "veteran", ila lina harufu ya jeshi, hasa kwa Wamarekani, ambao wakilisikia peke yake hufikiri mtu aliyewahi kuvaa sare.

Hatua ya pili: pima kiwango, usikipandishe wala kukishusha

Ukishajua chanzo, tafuta kimo. Ngazi ninayoitumia huanza na "trainee" au "apprentice", yaani mwanagenzi, ikapanda kwa "competent", "proficient", na kuishia kwa "expert". Waliomo ngazi za chini wasione haya, kwa sababu "apprentice" ni hadhi inayoeleweka na mwajiri hujua la kufanya naye.

"Competent" ndilo linalosumbua. Katika vyuo vya ufundi vinavyofundisha kwa umahiri, mwanafunzi hupimwa na kuandikiwa ama "competent" ama "not yet competent", na hapo neno ni ushindi kamili, kwa maana kazi anaiweza kwa kiwango kilichowekwa. Nje ya chuo, katika barua ya mtu kumsifia mwingine, neno hilohilo hupoa. "He is a competent driver" ni kusema kwamba gari linafika. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kusifia kweli hupanda ngazi moja juu, au huongeza "highly", na msomaji mwenye masikio huhisi upungufu pale asipoongeza. Yanayofanana nalo kwa ubaridi ni "satisfactory" na "adequate". Ukiona "he tries his best" katika barua ya utambulisho, jua kwamba aliyeiandika amehurumia tu.

"Proficient" ni kumudu kwa kiwango cha juu, na lina faida ya kuwa na kipimo kinachojulikana. Mfumo wa Ulaya wa kupima lugha, ulioenea tangu 2001, una ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, na watumiaji wa ngazi za C1 na C2 ndio wanaoitwa "proficient". Kwa hiyo anayeandika "proficient in English" huku barua yenyewe ameandikiwa na mimi amejiwekea mtego wa siku ya usaili. Kwa wateja wengi neno la kweli ni "a working knowledge of English", lugha ya kutosha kufanyia kazi, na hakuna mwajiri aliyewahi kulikataa. Aliyewahi kuijua lugha vizuri akakaa miaka bila kuitumia anaweza kusema "my English is rusty", yaani imeshika kutu, ambayo ni namna ya kiungwana ya kukiri bila kujidhalilisha.

"Expert" waachie wachache. Neno hilo na "experience" ni ndugu wa tumbo moja la Kilatini lenye maana ya kujaribu, lakini hawalingani kabisa: mwenye miaka kumi ya kushona ni "experienced", ilhali "expert" ni yule ambaye washonaji wengine humfuata kumuuliza. Mwishowe angalia neno "quite". Mmarekani akisema "quite good" anasifia. Mwingereza akisema hivyohivyo mara nyingi anamaanisha si mbaya. Kwenye barua lifute.

Hatua ya tatu: taja kazi kwa jina lake

Hapa nitakwenda haraka isipokuwa panapouma. Kiswahili hutengeneza jina la mtenda kwa kiambishi, tukapata mchongaji, mshonaji, mbanguaji, na Kiingereza nacho kina mkia wa "-er" unaofanya kazi hiyo kwa "carver", "weaver", "welder" na "potter", ambaye ni mfinyanzi. Kwa sababu hiyo watu huamini kwamba mkia huo unafaa kila mahali, na ndipo mpishi hugeuka "a good cooker". "Cooker" ni jiko. Mpishi ni "cook", bila mkia, na mwenye mafunzo ya hoteli ni "chef". Muashi ni "mason", fundi cherehani ni "tailor", na fundi bomba ni "plumber", ambamo b huandikwa lakini haitamkwi. Anayeunda mashua na majahazi ni "boatbuilder", neno ambalo mwombaji wa Mikindani au Kilwa halikosi.

Panapouma ni kwenye "engineer". Mtaani fundi wa magari huitwa injinia kwa heshima, na hakuna anayeumia. Katika maandishi jambo hilo ni zito, kwa sababu hapa Tanzania jina la mhandisi linasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujitambulisha hivyo. Fundi magari ni "mechanic", na katika hilo hakuna upungufu. Mwenye stashahada ya ufundi ni "technician". Mwenye ufundi wa mikono wenye cheti cha VETA mara nyingi huitwa "artisan", neno ambalo nchi nyingine hulitumia kwa watu wa sanaa za mikono, hivyo kama barua inakwenda nje ongeza jina la kazi yenyewe.

Bandarini kuna neno ambalo ni cheo. "Able" kwa kawaida ni mwenye uwezo, lakini "able seaman" ni baharia aliyepanda kutoka "ordinary seaman", na mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, baada ya marekebisho ya 2010, humwita "able seafarer". Kijana aliyefanya kazi kwenye mashua za uvuvi asijiandike hivyo kwa kudhani anajisifia tu, kwani amejipa cheo chenye cheti chake.

Na kwa wale wanaojidharau: uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani wa 2008 umewaweka wakulima na wavuvi wanaozalisha kwa soko katika kundi la sita, ambalo jina lake la Kiingereza linaanza na neno "skilled". Mkulima wa mikorosho wa Tandahimba anayejua kupogolea na kupulizia dawa kwa wakati wake si "unskilled" katika karatasi yoyote yenye busara, na nikiona mtu anataka nimwandikie hivyo kwa unyenyekevu, huwa nakataa.

Hatua ya nne: angalia kineno kinachofuata

Barua nyingi ninazoletewa kusahihisha zina maneno makubwa sahihi na vineno vidogo vilivyokosewa, kwa kuwa Kiswahili hutumia "katika" na "wa" kwa mambo ambayo Kiingereza kimeyatawanya.

"Good" hufuatwa na "at" kwa kazi au somo: "good at carving", "good at mathematics". Sisi husema "good in" kwa sababu ya katika, na ndilo kosa la kwanza ninalolifuta kila siku. "Good" likifuatwa na "with" linahusu watu au vitu unavyovishika: "good with children", "good with her hands", "good with money". Likifuatwa na "for" maana inageuka kabisa na kuwa manufaa, kama dawa ilivyo nzuri kwa kikohozi. "Skilled" huchukua "in" au "at", "proficient" vilevile, "adept", ambalo ni stadi aliyekwisha kuiva, huchukua "at" zaidi, na "expert" huchukua "in", "at" au "on", lakini kamwe si "of". "Qualified" huchukua "as" kwa kazi, "qualified as a nurse", na "to" kwa kitenzi, "qualified to teach".

"Able" na "capable" yana maana zinazokaribiana na ujenzi unaotofautiana. Husemwa "able to carve" lakini "capable of carving", na "capable to" haipo. Aidha "able" lina kaka yake "can", na hawa wawili hawakai nyumba moja: "I can be able to drive" ni kusema naweza kuweza kuendesha. Chagua mmoja. Vivyo hivyo kujua kushona si "knows to sew" bali ni "knows how to sew".

Neno "experience" linastahili aya yake. Likiwa na maana ya uzoefu halihesabiki, kama vile maji yasivyohesabika, kwa hiyo hakuna "an experience of five years" wala "many experiences in tailoring". Andika "five years' experience in tailoring", ukiweka alama ya mkato wa juu baada ya s, au "five years of experience" kama alama hiyo inakuchanganya. Likihesabika, "an experience" ni tukio lililokupata, na mwajiri akisoma kwamba ulipatwa na matukio mengi kwenye cherehani atakuonea huruma. "Skill", kinyume chake, huhesabika vizuri: mtu anaweza kuwa na "skills" nne na akazitaja.

Hatua ya tano: chuja maneno yanayojifanya ya kwetu

"Smart" kwetu ni mtu aliyevaa akapendeza, na hatukukosea tulipolichukua, kwa maana Waingereza hulitumia hivyo hadi leo. Mmarekani akiandika "a smart young man" anazungumzia akili. Kama hujui barua itasomwa na nani, tumia "intelligent" au "bright" kwa akili na "well-dressed" kwa mavazi.

"Clever" ni mwerevu, na kwa mtoto ni sifa njema, lakini kwa mtu mzima, hasa kwa Mwingereza, linaweza kuelekea kwa mtu anayejifanya anajua. "Handy" humfaa mtu wa kurekebisha vitu vidogo nyumbani, na "handyman" ndiye yule wa kila kitu mtaani, tangu kitasa hadi bomba. Hakuna ubaya, ila fundi seremala aliyesoma miaka mitatu atakushangaa ukimwita hivyo.

"Jack of all trades" wengi huliandika wakitaka kusema wanajua kazi nyingi. Msomaji wa Kiingereza humalizia moyoni kile kipande cha pili kisemacho kwamba hakuna hata moja aliyoimudu. Neno la kutumia ni "versatile". Mfano mzuri wa mtu wa namna hiyo ni George Lilanga, Mmakonde wa upande wa Masasi aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, ambaye alianza na uchongaji akageukia uchoraji na kujulikana nje ya nchi kwa picha zake: huyo ni "versatile" kwa haki, kwa sababu kila upande una kazi ya kuonyesha.

Na moja la mwisho linalochekesha hadi liharibu usaili. "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii, "I hardly work" ni kwamba karibu sifanyi kazi kabisa. Mtu wa bidii ni "hard-working". Hata hivyo, bidii si ujuzi, na wasifu wenye "hard-working" peke yake humwambia msomaji kwamba mwenyewe hana la kuonyesha.

Hatua ya sita: mpe msomaji kitu cha kushika, kisha msomee mwenye barua

Sifa ikisimama peke yake haina mguu. Neno moja lililochaguliwa vizuri, likifuatwa na jambo linaloweza kuulizwa, hushinda maneno sita yaliyopangwa mstari. Kijana mmoja aliniletea sentensi hii aliyoinakili mahali: "I am a talented, smart, hard-working and expert welder with an experience of many years." Tulikaa nusu saa, nikimuuliza maswali ya hatua ya kwanza. Alisoma wapi? Chuo cha ufundi, miaka miwili. Baada ya hapo? Gereji, miaka minne, akitengeneza mageti na matangi ya maji. Ana cheti? Anacho. Sentensi ikawa: "I am a qualified welder with four years' experience in making steel gates and water tanks." Alisema imekuwa fupi mno kwa fedha aliyonilipa, nikamwambia asome tena kwa sauti kila neno akijiuliza kama anaweza kulitetea mbele ya mtu. Aliyaweza yote.

Baada ya kuandika, usikabidhi barua kabla ya kumfasiria mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata kama ana haraka ya kuwahi basi. Yeye ndiye anayejua ulikotoka ujuzi wake, na mara nyingi hurekebisha jambo ambalo kamusi haiwezi kulijua.

Mzee mchongaji wa ile barua ya aibu alirudi mwaka uliofuata, jambo ambalo sikulitegemea. Safari hii nilimfuata kwanza kwenye kivuli anapofanyia kazi nikamtazama. Alikuwa na gogo la mpingo, ganda la nje jeupe limekwisha kuondolewa kwa tezo, na patasi yake ilikuwa ikifuata mstari wa mti mweusi uliofumana watu juu ya watu, bila yeye kuchora chochote kwa penseli. Nilirudi dukani nikaandika "a master carver", kwa sababu "master" ndilo neno la juu kabisa la fundi mwenye kufundisha wengine, nami nilikuwa nimeona vijana watatu wakipiga msasa pembeni yake. Kisha nikamsomea.

"Hilo neno la mwanzo maana yake nini?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba ni fundi mkuu, bwana wa kazi yake.

"Liondoe, mwanangu. Mjomba wangu aliyenifundisha bado yupo hai, Newala. Huyo ndiye wa kuandikwa hivyo."

Nikafuta, nikaandika "an experienced carver, trained by his uncle in Newala", na akaweka dole gumba.